Neno "uchumi": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Tanga. Jioni, majirani wa Ngamiani huniletea barua, fomu na vipande vya magazeti niwasomee. Neno linalorudi kuliko mengine yote ni uchumi. Mwanafunzi huliuliza kwa sababu ya mtihani, muuza samaki huliuliza kwa sababu amesikia redioni kwamba umekua, na mzee huliuliza kwa sababu analikumbuka enzi lilipokuwa na maana nyingine. Nimeyapanga hapa maswali hayo, kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Unaweza kuanzia popote. Swali likigusa jingine, nimeonyesha pa kwenda.

## Neno lenyewe

Uchumi ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Ni namna watu wanavyopata riziki na wanavyoitumia: wanachozalisha, wanachouziana, wanachogawana na wanachoweka. Nenda Deep Sea, soko letu la samaki, asubuhi boti zinaporudi. Mvuvi amekesha baharini kwa mafuta aliyokopa. Dalali ananadi. Mama mmoja anachukua ndoo ya samaki wa kukaanga, malipo atayaleta jioni akishauza. Kijana anafunga tenga kwenye baiskeli. Mtoza ushuru anakata risiti. Kila mmoja ana shughuli yake, lakini upepo ukikataa usiku mmoja, wote watano wanajua kabla ya saa nne. Mafungamano hayo ndiyo uchumi.

Neno lina maana nyingine mbili zinazotumika kila siku. Mtu akisema "uchumi wangu mwezi huu si mzuri," anazungumzia hali yake ya kipato. Mwanafunzi akisema "nasoma uchumi," anazungumzia elimu, yaani taaluma inayochunguza mambo hayo. Mabishano mengi ninayoyasikia barazani huzuka kwa sababu mmoja anazungumzia uchumi wa nchi na mwenzake anazungumzia uchumi wa mfukoni. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli kwa wakati mmoja. Tazama swali la ukuaji na mfuko, chini.

Neno "uchumi" limetoka wapi?

Limetoka kwenye kitenzi *kuchuma*. Huchumwa mchicha bustanini, huchumwa machungwa Muheza, huchumwa karafuu Pemba. Kutoka kwenye kuchuma tunda likaja kuchuma mali, na kutoka hapo tukapata *chumo*, yaani kile mtu anachokipata kwa jasho lake. Mzee wa pwani akimwombea kijana "chumo la halali", hapo ndipo mizizi ya neno uchumi ilipo.

Methali mbili zinalionyesha vizuri. *Mchumia juani hulia kivulini* inatuonyesha mtu anayetoka jasho kwanza na kula baadaye. *Mchuma janga hula na wa kwao* inaonyesha kwamba hata balaa huchumwa, na kwamba anachokileta mtu mmoja huliwa na nyumba nzima. Kuchuma hakukuwa jambo la mtu peke yake hata siku moja.

Kwa wanaopenda lugha: si kila riziki huchumwa. Nazi huanguliwa, mahindi huvunwa, samaki huvuliwa, katani hukatwa. Lakini tulipohitaji jina moja la kuyabeba yote hayo, lililochaguliwa ni lile la mkono unaofika tawini. Mimi huona ni uchaguzi mzuri sana, kwa sababu hutaji uchumi bila kumkumbuka mchumaji.

Je, lina uhusiano na chuma, ile madini?

Hapana. Yanafanana kwa sauti tu. Kuchanganya kuliongezeka wakati wa utawala wa Rais Magufuli, watu walipozoea kusema "vyuma vimekaza" wakimaanisha pesa imekuwa adimu. Hapo picha ni ya nati iliyokazwa isifunguke, haihusiani na kuchuma.

Neno la Kiingereza "economy" nalo lilianza na kuchuma?

Lilianza nyumbani. Wagiriki wa kale walikuwa na neno *oikonomia*, lililoundwa kwa *oikos*, nyumba, na *nemein*, kugawa au kusimamia. Oikonomia ilikuwa kazi ya kuendesha kaya: chakula kiwepo, kigawiwe, kitoshe hadi msimu mwingine. Mwanafalsafa wao Aristotle aliitenganisha na ufundi wa kutafuta fedha kwa ajili ya fedha, ambao aliupa jina lake mbali.

Maana ya uchumi kama kitu kimoja kikubwa cha nchi nzima, kinachopimwa, kikapanda na kushuka, ni changa. Ilishika mizizi katika miaka ya 1930 na 1940, serikali za Ulaya na Marekani zilipoanza kukokotoa pato la taifa. Kwa hiyo unaposikia "uchumi" ukizungumzwa kana kwamba ni mtu mzima mwenye homa, jua kwamba babu wa babu yako, Mdigo au Mjerumani, hakuwahi kuusikia hivyo.

Na "iktisadi" je?

Ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo lipo kwenye kamusi zetu. Mzizi wake unabeba wazo la kiasi, kushika njia ya kati bila israfu wala ubahili. Waarabu hulitumia hadi leo kwa maana ya uchumi wote. Kwetu limebaki kwa wachache, hasa masheikh na wazee waliosoma, na mara nyingi kwa maana ya kutumia kwa kiasi. Kwa maana hiyo liko sawa kabisa, ila ukiliandika kwenye barua ya halmashauri huenda ukalazimika kulifafanua.

Ukiyaweka matatu pamoja, Mgiriki aliangalia nyumba, Mwarabu akaangalia kiasi, Mswahili akaangalia mkono unaochuma.

## Kulitumia vizuri

Niandike "uchumi umekua" au "uchumi umekuwa"?

Ikiwa unamaanisha umeongezeka, ni *umekua*, kutoka kukua. *Umekuwa* ni kutoka kuwa, na sharti lifuatwe na neno jingine: "uchumi umekuwa mgumu." Kosa hili liko hata kwenye mabango yaliyolipiwa pesa nyingi.

Uchumi una wingi? Nimesoma "chumi".

Baadhi ya waandishi huandika "chumi kubwa za dunia". Si kosa la kisarufi, maana majina mengi ya U- hupoteza U- kwenye wingi. Lakini sikio la wengi halijalizoea, na "nchi zenye uchumi mkubwa" inaeleweka na kila mtu. Mimi huwashauri wanafunzi watumie hiyo ya pili.

Mchumi, mwanauchumi na mchumaji wana tofauti gani?

Mchumaji ni yule anayechuma kwa mkono: mchumaji wa karafuu, wa chai, wa pamba. Mchumi na mwanauchumi ni mtaalamu wa elimu ya uchumi. Katika matumizi ya Tanzania, "mchumi" limekaa zaidi kama cheo cha kazi, ndiyo maana halmashauri ina mchumi wake, na "mwanauchumi" limekaa kwa msomi na mtafiti. Mpaka huo si mkali.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili aliwahi kuandika kwenye insha kwamba mama yake ni mchumi, kwa kuwa anachuma kisamvu na kukiuza sokoni Mgandini. Sikumkata alama. Nilimwandikia pembeni kwamba kwa kamusi mama yake ni mchumaji na mchuuzi, lakini kwa asili ya neno mtoto hakupotea.

Uchumi, biashara, fedha na maendeleo si kitu kimoja?

Biashara ni sehemu ya uchumi: kununua na kuuza kwa faida. Fedha ni chombo kinachorahisisha kubadilishana. Utajiri ni mali iliyokusanyika. Uchumi ni mzunguko wote unaoyabeba hayo. Maendeleo ni swali jingine kabisa, nalo linauliza watu wanaishi vipi: maji yanatoka, mtoto anasoma, mama anajifungua salama. Mji unaweza kuwa na biashara nyingi na maendeleo haba. Ukiandika ripoti ya kikundi usiyachanganye, kwa sababu mfadhili anayesoma atauliza ulichomaanisha.

"Kiuchumi" linatumikaje?

Hueleza namna au upande: "kujikwamua kiuchumi", "shughuli za kiuchumi". Kasoro iliyozoeleka ni kulibandika kila mahali hadi lipoteze ladha. "Alipata changamoto za kiuchumi" mara nyingi maana yake ni kwamba aliishiwa pesa. Sema aliishiwa pesa. Ukata ni neno zuri, nalo lipo.

Nasemaje "economy" ikimaanisha kutumia kidogo?

Hapa ndipo wanaotafsiri huteleza. Kiingereza kinabeba maana mbili kwa neno moja: mfumo wa riziki, na tabia ya kutumia kwa kiasi. Uchumi wetu umebeba ya kwanza tu. Kwa ya pili tuna *kubana matumizi*, *uwekevu*, na kwa wanaolipenda, *iktisadi*. Gari lisilotumia mafuta mengi ni gari "lisilokula mafuta". Kitu cha bei ndogo ni cha "bei nafuu". Msemaji asiyepoteza maneno ni mtu wa maneno machache. Ukiandika "uchumi wa maneno", msomaji wa Kiswahili atabaki akishangaa maneno yanachumwaje. Kiti cha bei ya chini kwenye ndege wengi hukiita "daraja la kawaida", na linatosha.

## Neno hili kwenye habari

Tunaambiwa uchumi umekua. Mbona mfukoni sioni?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na anayeliuliza hastahili kudharauliwa.

Kinachopimwa ni Pato la Taifa: thamani ya bidhaa na huduma zote zilizozalishwa nchini kwa mwaka. Kwetu hukokotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kila mwezi Juni, asubuhi ya siku ya bajeti, Bunge husomewa hotuba ya hali ya uchumi wa taifa. Pato hilo likiongezeka, tunasema uchumi umekua.

Sasa kuna mambo matatu yanayosimama kati ya namba hiyo na mfuko wako. La kwanza ni idadi yetu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 44.9, ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 61.7, sawa na ongezeko la asilimia 3.2 kila mwaka. Uchumi ukikua kwa asilimia 5 na watu wakiongezeka kwa 3.2, kilichoongezeka kwa kila kichwa hakifiki hata asilimia 2. Sufuria imeongezwa, na wageni nao wameongezeka.

La pili ni mahali ukuaji ulipotokea. Mgodi ukitoa dhahabu nyingi Geita, Pato la Taifa linapanda, lakini bei ya pweza Sahare haijui habari hizo. Wastani wa nchi hauelezi kijiji.

La tatu ni mgawanyo. Namba moja haisemi nani amepata. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kukokotoa pato la taifa la Marekani, aliliandikia Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 akitahadharisha kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa vizuri kutoka kwenye kipimo cha pato lake. Aliyeunda mizani ndiye aliyesema mizani haipimi kila kitu. Natamani tahadhari yake ingesomwa kila namba mpya inapotangazwa.

Kwa hiyo muuza vitumbua wa Makorora anayesema haoni ukuaji, na waziri anayesema uchumi umekua, huenda hakuna mwongo kati yao. Wametumia neno moja kwa maana mbili.

Wakisema mfumuko wa bei umeshuka, bei zimeshuka?

Hapana. Mfumuko wa bei ni *kasi* ya bei kupanda. Chukua mfano huu wa kubuni. Nazi ilikuwa shilingi 500, mwaka uliofuata ikawa 600: imepanda kwa asilimia 20. Mwaka wa tatu ikawa 630: imepanda kwa asilimia 5. Mfumuko umeshuka kutoka 20 hadi 5, na nazi bado imepanda. Gari limepunguza mwendo, halijarudi nyuma. Tena namba inayotangazwa ni ya kapu zima la bidhaa na huduma, kwa hiyo unga unaweza kupanda sana huku kapu likionekana limetulia.

"Uchumi wa kati" ni nini, na tuliingiaje?

Ni daraja la Benki ya Dunia, inayopanga nchi kwa wastani wa pato la kila mtu. Tarehe 1 Julai 2020 Tanzania ilitangazwa kuwa imeingia kundi la kipato cha kati cha chini. Kizingiti mwaka huo kilikuwa dola 1,036. Wastani wetu wa mwaka 2019 ulikuwa dola 1,080. Tulivuka, ila kwa hatua fupi. Neno "wastani" hapo lina uzito wake: ukijumlisha pesa za tajiri mmoja na za wapagazi tisa wa bandarini kisha ukagawa kwa kumi, utapata namba ambayo haimo mfukoni mwa yeyote kati yao.

Kuyumba, kudorora, kuporomoka: yana tofauti?

Ndiyo, na mwandishi makini huyapima. Uchumi *unayumba* kama ngalawa kwenye mawimbi. Bado uko juu ya maji. *Unadorora* unapopoteza nguvu polepole, na hali hiyo ikidumu huitwa mdororo. *Unaporomoka* unapoanguka kwa kishindo. *Mtikisiko* ndilo neno lililozoeleka kwa msukosuko wa fedha duniani wa mwaka 2008. Ukirudi kwenye nafuu, *unatengemaa*.

Uchumi wa buluu ndio nini, na kwa nini buluu?

Ni uchumi unaotegemea bahari na maji: uvuvi, mwani, bandari, utalii wa fukwe, gesi na mafuta ya chini ya bahari. Buluu ni rangi ya maji. Zanzibar ina wizara yenye jina hilo, Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na tahajia hiyo ndiyo ninayoifuata badala ya "bluu".

Pwani ya Tanga imeishi kwa uchumi huo kabla haujapewa rangi. Kigombe, Mwambani, Tongoni, Moa: watu wamevua, wameanika, wamejenga vyombo, wamepanda mikoko na kuikata. Jina jipya si baya likileta barafu ya kuhifadhia samaki na bei nzuri ya mwani. Ila mvuvi akiitwa kwenye semina ya uchumi wa buluu, aambiwe mwanzoni kabisa kwamba inayozungumzwa ni kazi yake.

## Tanga na maana zake

Kwa nini wazee wakitaja "uchumi wa Tanga" huanza na katani?

Kwa sababu kwa zaidi ya nusu karne maneno hayo mawili yalikuwa karibu kitu kimoja. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche ya katani elfu moja kutoka Florida. Asili ya mmea wenyewe ni Yucatán, Meksiko. Ilifika hai miche 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba Muheza, Korogwe, kandokando ya reli hadi Kilosa na Morogoro. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, katani ndiyo iliyoongoza kwa kuleta fedha za kigeni, na katikati ya miaka ya 1960 uzalishaji ulizidi tani 200,000 kwa mwaka. Kisha ikaja kamba ya plastiki, bei ya dunia ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka pori.

Lakini wazee hawakumbuki tani. Wanakumbuka maneno. *Manamba*, vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka Songea, Kigoma, Msumbiji, Rwanda na Burundi, waliitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alipewa namba. *Kipande* kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi. Siku isiyokamilisha kiasi kilichopangwa haikuandikwa, na kipande kisichojaa hakikulipwa kamili. *Silabu* ilikuwa ofisi ya kuajiri vibarua, iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944. Uchumi ule ulikuwa mkubwa kwenye vitabu vya bandari, na mchumaji wake alijulikana kwa namba. Wajukuu wa manamba wako hapa, wanaongea Kiswahili cha Tanga na kuzikana na Wabondei na Wasambaa. Huwaambia wanafunzi wangu wasiandike historia ya uchumi wa mkoa huu bila neno hilo.

Leo ukitaja uchumi wa Tanga utataja pia saruji ya Pongwe, maziwa, machungwa, bandari ambayo zamani meli zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari kabla gati halijaongezwa kina, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani.

"Njia kuu za uchumi" maana yake nini?

Ni istilahi ya Azimio la Arusha la Februari 1967. Azimio lilizitaja moja moja: ardhi, misitu, madini, maji, mafuta na umeme, usafirishaji, benki, bima, biashara na nchi za nje, viwanda vikubwa kama vya simenti, mashamba makubwa, na nyinginezo, zikitakiwa kumilikiwa na wakulima na wafanyakazi kupitia serikali yao na vyama vya ushirika. Benki zilitaifishwa siku chache baadaye, na mwaka huohuo serikali ikaingia kwenye mashamba mengi ya katani. Mzee wa Tanga anaposema "uchumi ulikuwa wetu", huwa anarejea istilahi hii. Kama mashamba hayo yaliendeshwa vizuri ni mjadala mwingine; neno lenyewe lilimaanisha kwamba kuna vitu ambavyo anayevishika ameshika riziki ya wote.

Mhujumu uchumi ni nani? Ni sawa na mwizi?

Kuhujumu ni kushambulia au kuharibu kwa siri. Neno lilivuma mwaka 1983, wakati wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, serikali ilipoanza msako dhidi ya walanguzi na walioficha bidhaa. Sukari, sabuni na nguo vilikuwa adimu. Wapo waliotupa bidhaa zao usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Sheria ya mwaka huo ilifuatiwa na nyingine mwaka 1984, ambayo bado iko kwenye vitabu kama Sura ya 200. Tangu mwaka 2016 Mahakama Kuu ina divisheni yake ya rushwa na uhujumu uchumi.

Kisheria, basi, si kila mwizi ni mhujumu uchumi. Ni yule aliyeshtakiwa kwa makosa yaliyotajwa katika sheria hiyo, mfano kukutwa na nyara za Serikali kama meno ya tembo. Usimwite jirani yako mhujumu uchumi kwa sababu amepandisha bei ya mkaa. Ni tuhuma nzito, na familia zilizopitia mwaka 1983 hazijalisahau neno hilo.

## Maswali ya pembeni

Kazi ya mama wa nyumbani ni uchumi?

Kwa maana ya asili, ndiyo, kabisa. Rudi kwenye swali la Wagiriki. Kwa hesabu ya Pato la Taifa, nusunusu. Muhogo ambao familia imelima na kuula bila kuuza hukadiriwa thamani na kuingizwa. Lakini kuupika, kufua, kulea mtoto na kumuuguza bibi haviingizwi ikiwa havilipwi. Mama huyohuyo akienda kupika kwa mtu kwa mshahara, kupika kwake kunageuka uchumi siku hiyohiyo. Kwangu hilo ni pengo kubwa. Namba ikiacha nje kazi ya nusu ya watu, haina budi kusomwa kwa uangalifu.

Ule ujuzi wa kuendesha nyumba, ambao zamani shuleni ulifundishwa kwa jina la *sayansikimu*, ndio uliokaribiana kuliko somo jingine lolote na oikonomia ya Wagiriki. Jina hilo ni sayansi ya kujikimu, nami nasikitika kwamba linasikika kwa nadra siku hizi.

Upatu na vikoba vinahesabika kama uchumi rasmi?

Vikoba na vikundi vya kuweka na kukopa vinatambuliwa: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka daraja la nne, na vinatakiwa kusajiliwa. Upatu wa majirani kumi wanaozungushiana elfu tano kila Ijumaa unabaki kuwa makubaliano ya uaminifu. Kikundi chenye usajili kinaweza pia kuomba mkopo wa halmashauri, unaotengwa kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. "Kutokuwa rasmi" maana yake ni kutoandikishwa. Haina maana ya haramu.

Biblia ya Kiswahili ina neno uchumi?

Mkristo mmoja wa Chumbageni aliniuliza hili, nami nililifurahia. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, kuna mtumishi anayetakiwa kutoa hesabu. Kigiriki kinaiita kazi yake oikonomia, na wafasiri wa Union Version waliandika *uwakili*. Hawakutafuta neno la pesa, walitafuta neno la mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake.

Fomu inauliza "hali yako ya kiuchumi". Niandike nini?

Usiandike "mbaya" wala "ya kawaida". Andika unachofanya, unachopata kwa wiki au kwa msimu, unaowalisha, unachomiliki na unachodaiwa.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kumsindikiza jirani yangu kwenye ofisi moja. Analima mwani, anakaanga samaki, anacheza upatu wa Ijumaa na analea wajukuu wanne. Karani aliitazama fomu iliyoandikwa "sina uchumi", akasema hana cha kuombea mkopo, akairudisha. Niliumia, kwa sababu maneno hayo aliyaandika mwenyewe. Alidhani uchumi ni kitu cha wenye ofisi. Tulikaa kwenye benchi nje tukajaza upya: kilo za mwani kwa msimu, ndoo za samaki kwa wiki, zamu yake ya upatu, majina ya watoto. Nafasi haikutosha, tukageuza karatasi na kuendelea upande wa pili.